Ajali, Kibarua na Fidia: Waya wa Shume na Bei ya Mkono wa Mjenzi

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo ikatambaa chini ya milima kuelekea Moshi, ambako ilifika mwaka 1911. Katika miaka hiyo ya mwisho, si mbali na Mombo, katika stesheni ndogo ya Mkumbara, ilizaliwa kazi nyingine ya chuma iliyowashangaza waliopita njia hiyo. Juu ya majabali, karibu mita 1,500 kutoka bondeni, ulikuwapo uwanda wa Shume na misitu yake ya mwangati, mti wa jamii ya seda ambao Ulaya iliutamani kwa ajili ya mbao na penseli. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha mbao huko Shume, mahali Wadachi walipopaita Neu-Hornow. Magogo yalikuwa juu, reli ilikuwa chini, na baina yao palikuwa na genge. Basi ikaagizwa kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, mabingwa wa njia za waya duniani, na karibu na mwaka 1910 milima ikafungwa kwa waya wa takriban kilomita 9 kutoka Shume hadi Mkumbara.

Msomaji wa pwani, ambaye anajua roda na kapi tangu utoto wake, hatapata taabu kuifahamu kazi hiyo. Ni tanga lililotwekwa mlimani badala ya baharini: nguzo za chuma badala ya mlingoti, waya badala ya henza, na gogo badala ya foromali. Lakini kabla waya haujaweza kubeba chochote, kila kitu cha kuujengea, nguzo vipande vipande, saruji na waya wenyewe, kilipaswa kufika mlimani pasipo waya. Mtambo ambao ungewapumzisha watu mabega ulijengwa kwa mabega ya watu. Na wanaojua ujenzi wa mahali pa namna hiyo wanajua hatari zake: jiwe linaloporomoka, waya unaokatika ukiwa umevutwa, nguzo inayoyumba kabla msingi wake haujakauka, mguu unaoteleza kwenye ukungu wa asubuhi. Majina ya makampuni mawili yaliyoijenga njia hiyo yamesalia katika vitabu vya historia ya ufundi. Swali la insha hii ni la waliobeba: mtu aliyevunjika mguu katika kazi kama ile alikuwa na haki gani, na juu ya nani?

Kwanza yafaa kuuliza mtu huyo alifikaje kazini. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, serikali ya Kidachi ilianzisha utaratibu wa kipande. Kila mwanamume mzima alitakiwa amfanyie Mzungu kazi ya siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliowekwa, na siku zake zikatiwa alama kwenye kadi. Ambaye kadi yake haikujaa aliweza kukamatwa na kupelekwa kwenye kazi za serikali. Wasambaa, ambao walikuwa na mashamba yao ya mahindi na migomba na hawakuona sababu ya kuyaacha, waliujua utaratibu huo kwa uchungu. Nyuma ya kadi ilisimama fimbo: amri ya mwaka 1896 iliruhusu adhabu ya viboko hadi 25 kwa mara moja, na hesabu hiyo ikaingia katika Kiswahili kwa jina lisilosahaulika, hamsa ishirini.

Lugha yetu ni shahidi mwenye kumbukumbu ndefu. Neno kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, watumwa waliokodishwa kwa siku walipewa kikaratasi cha kazi, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Kisha likaja neno kipande, nalo likafuata njia ile ile, na baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, watu walioandikishwa kutoka mbali wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Kibarua, kipande, manamba: majina matatu, na katika yote mtu anatajwa kwa karatasi iliyohesabu siku zake. Karatasi hiyo iliandikwa alichofanya. Haikuandikwa kilichompata.

Ajabu ni kwamba Wadachi hao hao, kwao, walikwisha kulijibu swali hili. Tarehe 6 Julai 1884, chini ya Bismarck, Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini. Waajiri wa kila aina ya kazi waliunganishwa katika vyama, vyama vikakusanya michango, na mfanyakazi aliyeumia akalipwa bila kutakiwa kuthibitisha kwamba bwana wake alikosea. Wazo lilikuwa jepesi na zito kwa wakati mmoja: kiwanda kinazalisha nguo, mbao na chuma, na kinazalisha pia majeruhi, basi gharama ya majeruhi ihesabiwe ndani ya gharama ya kiwanda, kama vile makaa na mafuta. Nguzo za Shume zilipokuwa zikisimamishwa, sheria hiyo ilikuwa na umri wa robo karne. Chuma cha Leipzig kilivuka bahari, kikapanda mlima, lakini sheria haikupanda nacho. Kwa mzalendo wa koloni, palikuwa na amri za vibarua, kama ile ya mwaka 1909, zilizozungumzia mikataba na matunzo ya mgonjwa. Bima ya mkono uliokatika haikuwamo.

Uingereza, iliyokuja kuwapokea Wadachi nchi hii, ilikuwa imefika mahali hapo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1837 mahakama yake ilisikiliza kesi ya kijana mmoja, Charles Priestley, aliyevunjika paja baada ya gari la bwana wake, mwuza nyama, kulemewa na mzigo na kuvunjika. Jaji Abinger aliamua kwamba bwana hawajibiki. Mtumishi aliijua hatari na angeweza kukataa kupanda. Uamuzi huo ukazaa mafundisho yaliyowafungia mlango wafanyakazi kwa miaka mingi: ukiumizwa na kosa la mwenzako kazini, umekwisha kulikubali ulipoipokea kazi. Ni mwaka 1897 tu ndipo Bunge lilipoweka fidia isiyohitaji kosa la mwajiri katika kazi za hatari, ukiwamo ujenzi wa majumba makubwa, na mwaka 1906 ikaenezwa kwa wafanyakazi karibu wote.

Mwaka huo wa 1897 una maana ya pekee visiwani. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo nayo ilikuwa na fidia ndani yake. Alilipwa bwana kwa kupotewa na mtumwa. Mtumwa hakulipwa kwa kupotewa na umri wake. Katika mwaka mmoja, chini ya dola moja, neno moja lilikuwa na nyuso mbili: London fidia ilimfuata aliyeumia, Unguja ilimfuata aliyemiliki.

Haitakuwa haki kudhani kwamba kabla ya Wazungu pwani haikuwa na mizani ya mwili wa mtu. Kadhi wa Lamu au Tanga alijua hesabu ya diya: kwa mkono mmoja nusu ya diya kamili, kwa kila kidole sehemu moja ya kumi. Anayelifungua jedwali la viungo katika sheria za kisasa za fidia, ambamo kidole gumba kina asilimia yake na jicho lina asilimia yake, hataliona jambo geni. Lakini diya ilimlenga aliyetenda, na kazi ya kuajiriwa ina tabia ya kumficha mtendaji. Wanazuoni wengi wa fiqhi walisema kwamba mtu aliyekodiwa kuchimba kisima, kisha kikamporomokea, aliyemkodi hadaiwi diya yake ikiwa hakutenda kosa. Kisima cha fiqhi na gari la mwuza nyama wa Kiingereza vinasimulia hadithi moja: pasipokuwa na mkono uliosukuma, hapakuwa na mdaiwa. Kijijini palikuwa na dawa nyingine. Katika ujima, au msaragambo kama wanavyouita Wapare, jirani wa Wasambaa, aliyeanguka juu ya paa la jirani yake alianguka mikononi mwa jamaa: shamba lake lililimwa na watoto wake walilishwa, kwa kuwa kila mmoja alijua kesho ni zamu yake. Kazi ya ujira ilipokuja ilimtoa mtu katika mkono huo wa jamaa, wala haikumpa mkono mwingine.

Chini ya Waingereza, mkono huo ulichelewa kuja. Sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji ya mwaka 1923 ilimfanya mtu aliyekimbia mkataba kuwa mhalifu wa jinai. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 17 kuhusu fidia kwa walioumia kazini, na Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa, ilibaki kusubiri. Ndipo baada ya Vita Kuu ya Pili, na baada ya migomo ya makuli na wafanyakazi wengine kuitikisa pwani yote, Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947 na Unguja mwaka 1948, makoloni ya Afrika ya Mashariki yakajipatia sheria za fidia. Ile ya Tanganyika, iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaja kuwa Sura ya 263 ya sheria za nchi.

Sura ya 263 ilikuwa hatua kubwa, na ilikuwa na ugonjwa wa polepole. Iliweka kikomo cha malipo kwa tarakimu, na tarakimu hazikui zenyewe wakati bei zinakua. Uhuru ulikuja, Azimio la Arusha likaja, shilingi ikashuka, soko huria likafunguliwa, majengo ya ghorofa yakaanza kuota Dar es Salaam kama uyoga. Karne ilipogeuka, kiasi cha juu ambacho mfanyakazi aliweza kulipwa kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Katika mwaka 2008, kiasi kile cha kwanza hakikufika dola 100 za Marekani. Mtu aliweza kushinda dai lake mbele ya afisa wa kazi, akatoka na haki yote mfukoni, na haki hiyo isimtoshe kulisha nyumba yake hata mavuno mawili. Sheria haikuvunjwa na mtu. Iliachwa tu ikazeeka, na waliozeeka nayo ni walemavu.

Mwaka huo huo wa 2008 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20, nayo katika mkusanyiko wa sheria ikarithi namba ile ile ya kale, Sura ya 263. Ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kupokea michango ya waajiri Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Hapo ndipo wazo la 1884 lilipofika bara kwa ukamilifu wake, miaka 131 baada ya kuzaliwa Berlin. Mchango hutoka kwa mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi ni kosa. Aliyeumia hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu. Hupewa matibabu, asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24, akipata ulemavu mkubwa wa kudumu, hulipwa pensheni, akifa, mjane na watoto wana fungu lao. Kando yake ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayomdai mwajiri vifaa vya kujikinga bila malipo na kuwapa wakaguzi wa OSHA uwezo wa kuisimamisha kazi ya hatari.

Hayo ni maandishi, na maandishi yana safari yake hadi Shume. Uwanda ule leo ni wa kabichi, viazi, pea na plamu. Msitu uliosalia upande wa Magamba ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2010, na waya wa Wadachi hauvuti tena magogo. Ujenzi ni wa nyumba za tofali, madarasa, zahanati, na barabara zinazokatwa katika mabega ya milima. Mjenzi huko, kama kwingineko nchini, kwa kawaida huajiriwa kwa mdomo. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi humwita saidia fundi, saidia fundi hupanda juu ya mirunda akiwa na karai la zege kichwani. Akianguka, mwenye nyumba husema, mimi nilipatana na fundi. Fundi husema, nami ni kibarua tu kama yeye. Hapo mdaiwa anafichika tena, kama alivyofichika kisimani.

Lakini sheria imeiona hila hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, humhesabu mtu kuwa mwajiriwa mpaka kinyume chake kithibitishwe, likiwapo hata moja katika mambo iliyoyaorodhesha: kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anapewa vifaa vya kazi na mwingine, au anamtegemea huyo kwa riziki yake. Karatasi si sharti la kuwa mwajiriwa. Baada ya karne nzima ya kutajwa kwa karatasi yake, kibarua amepata sheria inayomtambua bila karatasi. Kinachomponyoka ni wakati. Dai la fidia lina muda wa miezi 12, na miezi 12 ya mtu aliyelala na mguu uliofungwa mbao, akiugharimia kwa kuuza mbuzi na kungoja ahadi ya fundi, hupita upesi kuliko anavyodhani. Wengi hupokea shilingi chache za pole, hutia kidole gumba chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma, na huamini kwamba jambo limekwisha.

Ni hapa pia kwamba jiografia ya Lushoto ina kejeli yake ya upole. Katika mji huo huo wa wilaya kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako makarani na mahakimu wa nchi nzima hupitia. Elimu ya haki inateremka kutoka mlimani kwenda Tanzania yote. Haifuati kila mara ile njia fupi ya kupanda hadi Shume.

Wala visiwa visijione viko mbali na mkasa huu. Sheria ya 2008 ni ya bara. Zanzibar ilitunga yake ya fidia mwaka 1986, ikairekebisha mwaka 2005, mwaka ambao ilipata pia sheria yake ya usalama na afya kazini. Kenya ina sheria ya mwaka 2007, ambayo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Na tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilojengewa Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja likiwa katika ukarabati. Wapenzi wa historia walililia jumba, na walikuwa na sababu. Lakini chini ya kifusi kile walikufa watu wawili. Dar es Salaam, Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36. Majengo yana majina, na majina yao hukaa, wajenzi huhesabiwa.

Kila msiba wa namna hiyo ukitokea, kauli ya kwanza katika vinywa vya watu ni kwamba ajali haina kinga. Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko kwao ajal ni muda uliowekwa, saa ya mja iliyokwisha kuandikwa. Ni neno la subira, na hapana mwenye imani atakayelidharau. Mwenye msiba hulihitaji usiku. Lakini neno hilo hilo likitoka kinywani mwa mwenye jengo, asubuhi, mbele ya mjane, hubadilika kazi: lililokuwa faraja huwa kizuizi cha deni. Kwamba saa ya mtu imeandikwa hakumwondolei aliye hai wajibu wa kufunga viunzi vizuri, kama vile kuamini riziki hakumwondolei mvuvi wajibu wa kukalafati chombo chake. Sheria ya fidia, kuanzia Berlin ya 1884 hadi Dodoma ya 2008, haikubishana na kudura. Ilisema tu kwamba kwa kila aliyeanguka akijenga cha mwingine, yuko mtu au mfuko unaodaiwa.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huko Shume, na Makunduchi, na Malindi, haki hiyo ina masharti machache ambayo hayahitaji wakili kuyatimiza: mwajiri aambiwe siku ile ile na mbele ya watu, cheti cha hospitali kitunzwe, walioona waandikwe majina, na dai lipelekwe kabla mwaka haujageuka. Zamani karatasi ilimhesabu kibarua siku zake kwa manufaa ya bwana. Karatasi hizi chache aziandikishe mwenyewe, au amwandikie mtoto wake anayesoma, ili safari hii iandikwe pia habari ya kilichompata.